Kona ya Marehemu

Shafti ya usukani ilikuwa na joto. Fundi alikuwa amezima mashine ya kuchomelea tangu asubuhi, akanywa chai, akajinyoosha kidogo, na bado chuma kilimfukuta kiganjani kama paji la mgonjwa.

"Uliinyoosha kabla ya kuikata?" mkewe aliuliza, mkono kiunoni, tumbo mbele.

Mafundi wote wanajua: usukani wa gari lililoua hurudishwa kwanza kati, ndipo shafti ikatwe. Hata muuza vyuma chakavu aliyemuuzia shafti hiyo alimwonya: "Mwenyewe alifia katikati ya kona, kaka. Ukiikata hivyo hivyo utaondoka na kona yake, na jini lililomlamba damu."

Fundi alimjibu mkewe kama wake wanavyojibiwa siku zote: kwa kicheko. "Chuma hakina kumbukumbu."

"Basi kina akili kuliko kichwa chako."

Alikuwa ameshaiunga na nusu ya shafti ya gari jingine; sasa akaifunga kwenye mkweche wao.

Uchungu ulimshika mkewe mchana huohuo, damu ikitangulia maji. Gari la karibu lilikuwa hilo tu. Barabara ilinyooka kama uzi, lakini usukani ukaanza kukata kushoto.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona kutoka kiti cha nyuma, "kuna mtu anapumua humu."

"Ni wewe."

"Mimi nimebana pumzi."

Harufu ya mpira ulioungua ikajaa, kisha ya damu iliyolala, na fundi akavuta kulia kwa mikono, kwa goti, kwa kifua kizima, huku shafti ikisaga miguuni pake kama meno ya mtu aliye usingizini, na vidole asivyoviona, vya baridi, vikijipanga kimoja kimoja juu ya vyake, na mtaro ukiwasogelea, na nyuma yake mkewe akimwita mama yake aliyekwishazikwa.

"Toka!" fundi alilia. "Nenda utakako, ingia utakamo, ila mwachie mke wangu! Mke wangu tu!"

Usukani ukalegea. Chuma kikapoa.

Hospitalini, mkunga alitoka akitabasamu. "Mama mzima kabisa. Hongera, baba, ni binti."

Fundi alimpokea kwa shukrani, akambusu. Paji lilikuwa la moto. Akafunua shuka.

Mtoto hakulia. Vingumi vyake viwili vilishika hewa mbele ya kifua, vikizunguka pamoja, polepole, kushoto.