Isale Kwenye Mashine ya Kuranda

Shemeji yangu Ildefonce hakuwa mtu wa kukaa bure. Alipostaafu kiwandani, huko kwenye mashamba ya miwa, alirudi Uru, akajenga karakana nyuma ya nyumba, kubwa kuliko nyumba yenyewe, akaijaza mashine. Dada yangu Zita alikuwa akitania kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni mbao. Kila nikipanda kutoka kwangu Pasua kuwatembelea nilikuta kitu kipya: mara dari, mara kabati la jikoni, mara milango minene yenye komeo la ndani. Fundi wa kuajiriwa hakuwahi kugusa nyumba ile. Ildefonce alipenda kunyoosha mikono yake mbele ya wageni na kusema kwamba hii ndiyo iliyojenga kila mnachokiona. Mimi nilimwambia apunguze majivuno, maana hata mikono tumeazimwa tu.

Mwaka ule alitaka meza. Watoto wote walikuwa wanarudi nyumbani Krismasi, na binti yao Aika alikuwa analeta wajukuu, kwa hiyo alitaka meza moja ya kuwakalisha wote. Mti alioutaka ulikuwa umesimama mpakani, mringaringa wa zamani kati ya kihamba chake, shamba la urithi, na kihamba cha kaka yake, Kastori. Aliupanda baba yao. Kastori alikuwa Mabogini kwenye mpunga wake, na Ildefonce hakumsubiri. Aliukata, akaupasua, akang'oa na masale, ile mimea ya isale iliyopandwa kuonyesha mpaka, kwa sababu yalimzuia kuburuta magogo.

Kastori aliporudi alikuja na panga. Nilikuwepo, nikichambua mboga na Zita uani. Hakusalimia mtu. Alimpiga mdogo wake begani mara moja, nyama ikafunguka mpaka nikaona cheupe ndani. Kisha akalitupa panga na kuanza kulia. Tulilifunga jeraha kwa khanga yangu mpya, na damu ikaipita kama maji.

Bega lilipona. Aliyebaki mgonjwa ni Kastori, maana hakula, hakulala. Siku moja akaja karakana na jani la isale lililofungwa fundo. Kwa asiyejua, kwetu Uchaggani mtu akikuletea isale kuomba radhi, hata kama amekuulia mzazi, unalipokea. Hakuna mjadala. Na akiwa mkubwa wako, unalipokea kwa mikono miwili. Kastori, mtu mzima mwenye mvi zake, akapiga magoti kwenye maranda.

“Mdogo wangu, nimekosa. Pokea.”

Ildefonce alilichukua kwa mkono mmoja, tena wa kushoto. Akawasha mashine ya kuranda, akalitia jani mdomoni mwa mashine. Visu vikalitafuna, likatoka upande wa pili kama mboga iliyokatwa. Kisha akamwuliza kaka yake kama amebakiwa na lingine. Nilimchukia shemeji yangu saa ile, sifichi.

Kastori alikufa kabla mpunga wake haujaiva. Walimkuta amelala kifudifudi kwenye jaruba. Alizikwa kihambani kwake, mahali unapoweza kupaona ukiwa dirishani mwa karakana. Ildefonce hakuja kuzika. Padri alipoanza kubariki kaburi, ng'ambo ya mpaka mashine ikaanza kunguruma, na ikanguruma mpaka udongo wa mwisho. Watu walitazamana. Mzee Wenseslaus, baba yao mdogo, alisema polepole tu kwamba aliyelikataa isale atalipokea, ila siku hatachagua yeye.

Desemba meza ikakamilika. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Asubuhi iliyofuata baada ya kupakwa vanishi, Zita alikuta juu yake mkato mrefu wa panga. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na funguo zilikuwa mfukoni mwa mumewe. Ildefonce akauranda, akapaka upya. Kesho yake mkato ulikuwa palepale. Akaranda tena. Meza ikawa inapungua unene, mkato unazidi kina.

Kisha likaja la mbuzi wa Krismasi. Walikuwa wamemfunga bandani. Walimkuta karakana, kufuli halijaguswa, amekatwakatwa juu ya meza, kichwa kimegeuzwa kuelekea mlangoni. Damu ilikuwa imejaa kwenye ule mkato, mbichi, na hakuna nzi hata mmoja aliyetua.

Zita alimlilia mumewe. Hakuogopa meza, alimwogopea yeye. Alichuma isale kwa mkono wake, akalifunga fundo, akamsihi aende kaburini akaombe radhi.

“Baba Aika, nenda. Bado una nafasi.”

Akajibu kwamba hawezi kumpigia magoti maiti aliyempiga panga. Akalitupa isale jikoni, kwenye moto.

Mkesha wa Krismasi, mchana kweupe, kilele cha Kibo kikiwa wazi, Ildefonce aliingia karakana na randa ya mkono kuisawazisha meza kwa mara ya mwisho. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Alishusha komeo kwa ndani. Mimi na Zita tulikuwa uani tunamenya ndizi, tukiisikiliza randa ikienda na kurudi.

Randa ikanyamaza.

Kisha mashine ikanguruma.

Zita alinitazama. Redio ya jikoni ilikuwa bubu. Umeme haukuwa umerudi.

Tulikimbia. Mlango haukutikisika. Aliutengeneza mwenyewe, na alijua kutengeneza. Nilichukua shoka la kuni nikaanza kuupiga. Katikati ya mapigo nilimsikia akiongea ndani, kwa sauti ya chini, sauti ya mtoto aliyekosa.

“Shikamoo, kaka. Napokea. Napokea.”

Mngurumo ukabadilika. Ukawa mzito. Ni ile sauti ya visu vikikutana na kitu kigumu.

Hakupiga kelele. Zita ndiye aliyepiga.

Komeo lilipokatika tulimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye mashine. Mikono yote miwili iliishia kwenye vifundo. Damu iliruka, ikapiga ukuta, ikapiga meza, ikanipiga usoni. Waya wa mashine ulikuwa umeviringishwa, umetundikwa msumarini. Haukuwa umechomekwa popote. Na visu vilikuwa bado vinazunguka, polepole, polepole, mpaka vikasimama.

Nilimfunga kwa khanga, kama mara ya kwanza. Akaninong'oneza kwamba Kastori alikuwa upande wa pili wa mashine, amepiga magoti, na isale lilitoka mdomoni mwa mashine likiwa zima, na fundo lake. “Safari hii nimepokea kwa mikono miwili,” akasema. Alikuwa anatabasamu.

Jirani yao Jovin alimpakia kwenye gari mpaka hospitali, na akapona. Lakini viganja vyake havikuonekana. Tuliyachambua maranda yote kwa ungo, mimi na Aika, huku tukilia. Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na ukucha. Maranda yaliyokuwa ndani ya mashine yalikuwa meupe na makavu.

Jioni ya Krismasi nilikwenda kwenye kaburi la Kastori kuomba. Siku chache nyuma nilikuwa nimelifagia kwa mkono wangu, likiwa udongo mtupu. Sasa lilikuwa na isale moja, refu kunipita, na shina lake lilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima. Katikati ya shina palikuwa na pete ya ndoa ya Ildefonce, ile yenye mkwaruzo wa patasi. Shina lilikuwa limenenepa juu yake na chini yake, kama lililokua ndani ya pete hiyo kwa miaka mingi. Nilijaribu kuigeuza. Haikusogea.

Meza bado wanaitumia, na mkato haujarudi. Zita humlisha mumewe hapo, kijiko kwa kijiko. Alikataza mtu yeyote kulikata lile isale. Kila asubuhi, kabla ya chai, huvuka mpaka, husimama mbele yake na kulisalimia shikamoo, na ananiambia kwamba siku zisizo na upepo, akiigusa pete ile, huwa ya moto, kama iko kidoleni.