Udongo wa Mkebe wa Nne

Kila Jumamosi, baada ya kusaidia kufua ovaroli za baba yake zilizojaa mafuta ya karakana ya reli, Akeyo alikwenda kwenye maabara ndogo nyuma ya karakana hiyo, mjini Nakuru. Huko mtafiti, Bwana Khaemba, alitafuta bakteria wanaoweza kula mafuta machafu yaliyoharibu udongo. Akeyo alikuwa amemchotea udongo kando ya shimo ambamo karakana ilimwaga mafuta machafu, mikebe mitano, kila mmoja na karatasi yenye nambari yake na neno "shimoni".

Siku moja Bwana Khaemba alimwita achungulie kwenye hadubini. Akeyo aliona vijiti vidogo vilivyopinda, havitulii hata kidogo. Bwana Khaemba alimweleza kwamba amewapima bakteria hao kwa rangi, kwa joto na kwa chakula, kisha akawalinganisha na wote waliomo vitabuni. Ukoo wao unajulikana, lakini wenyewe ni wageni kabisa.

"Wametoka mkebe wa nne," alisema. "Lakini nimerudi shimoni mara tatu na siwapati. Nisipowapata tena, hakuna mtaalamu atakayeniamini, na kazi yote ni bure."

Akeyo alijua sababu. Mkebe wa nne ulikuwa umemponyoka njiani, udongo ukamwagika. Kwa uvivu wa kurudi shimoni, aliujaza nyuma ya nyumba yao, pale mama yake alipomwaga maji ya ovaroli miaka nenda miaka rudi. Udongo wa hapo ulikuwa mweusi vilevile, nani angejua? Sasa akisema, huenda asiiguse tena hadubini ile, na aliipenda kuliko kitu chochote.

Hata hivyo alisema. Alieleza yote bila kujitetea, machozi yakimlengalenga.

 Bwana Khaemba alichukua kijiko na mkebe mtupu. "Twende unionyeshe."

Mama yake Akeyo, Mama Adero, alishangaa kuona mtu mzima amepiga magoti kwenye maji yake machafu. Alipoambiwa kuna viumbe wapya hapo wanaosubiri jina, alisema wapewe lolote wapendalo, ila lake wasiliguse. Bwana Khaemba alicheka hadi miwani ikamteleza.

Siku nne baadaye vijiti vile vilionekana tena, vingi ajabu. Mafuta na sabuni vilikuwa vimewalisha bakteria hao kwa miaka. Akeyo aliruka kwa furaha.

"Sikiliza, binti yangu," Bwana Khaemba alimwambia. "Kumwaga udongo si kosa, hata mimi humwaga. Kosa ni kuficha. Ungenyamaza, tungewatafuta shimoni mpaka tuchoke, kumbe wako mlangoni kwenu. Kazi hii yote inasimama juu ya neno la aliyechota udongo."

Akampa penseli. Akeyo alikata neno "shimoni" kwenye mkebe wa nne, akaandika polepole, kwa herufi kubwa: "Nyuma ya nyumba yetu."