Kufuli la Kijani Kwenye Swichi Kuu

Jumamosi nyumbani kwetu Kaaga huanza kwa makelele ya vyuma. Wenzangu wa Gredi ya Saba huamshwa na redio au ng'ombe wa jirani. Mimi huamshwa na Mama akimwaga vifaa vyake vya kazi juu ya gunia ili avikague upya: bisibisi, koleo, tupa, tochi, mita ya kupimia umeme. Halafu makufuli manne ya rangi nne, ambayo hayajawahi kufunga mlango wala kasha lolote. Kazi yangu ni kuvifuta vyote kwa kitambaa kikavu na kuvirudisha sandukuni, kila kimoja mahali pake. Nikimaliza ndipo ninapopewa uji.

Mama yangu anaitwa Gacheri, na ni fundi wa umeme wa viwandani. Nikisema hivyo shuleni kuna wavulana hucheka. Wacheke tu! Hawajamwona akiwa mbele ya paneli, lile kabati la chuma lililojaa waya na swichi za kuendesha mashine. Hufuata waya mmoja kwa kidole kati ya waya mia, bila kupapasa wala kubahatisha. Kumwangalia ni raha, kama kumwangalia nyanya yangu akisuka kiondo.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda kwenye kiwanda kidogo cha maziwa cha chama cha wafugaji. Kaunta yao ilikuwa imekufa. Sisemi kaunta ya dukani, la. Hii ni kijisanduku kidogo cha umeme kinachokaa kwenye mlango wa paneli, chenye tarakimu nyekundu. Kila pakiti ya maziwa inayopita kwenye mkanda huonwa na kihisi, yaani jicho la umeme, na kaunta huongeza moja.

Kwa wiki tatu kazi hiyo ilikuwa imefanywa na dada mmoja aitwaye Nelius, kwa mdomo. Alisimama kando ya mkanda tangu asubuhi hadi jioni akihesabu, "mia nne na moja, mia nne na mbili," mpaka sauti ikamkauka. Mtu akimsalimia, hesabu ilipotea. Sasa Jumatatu kiwanda kingeanza kupelekea shule kumi na mbili maziwa, na kila shule ilikuwa imeahidiwa idadi kamili. Kaunta mpya ilikuwa imefika kutoka Nairobi jana yake. Ilikuwa moja tu. Ikiharibika, nyingine ingechukua wiki nzima kufika, na watoto wa shule hizo wangengoja.

"Leo Mithika hayupo," Mama aliniambia tukiwa njiani. Mithika ni fundi mwenzake. "Yuko Nchiru, anaweka umeme kwenye hosteli za wanafunzi. Wewe ndiwe utakayekuwa macho yangu ya pili."

Nilivimba kichwa! Kumbe macho ya pili ni kazi nzito kuliko nilivyodhani.

Tulipofika, meneja wa kiwanda, Bwana Murungi, alitupokea huku akitazama saa. "Karibu, Mama Kajuju. Tafadhali, saa nane mkanda uwe unatembea."

"Utatembea ukiwa salama, Bwana Murungi," Mama alijibu, akatoa makufuli.

Aliishusha swichi kuu ya paneli, akaishika kwa kibanio cha chuma chenye matundu sita. Kwenye tundu moja akatia kufuli lake jekundu na kibao kidogo kilichoandikwa: USIWASHE. GACHERI YUKO KAZINI. Bwana Murungi alipewa la samawati, kwa kuwa angesimama hapo kuangalia. Nelius, aliyekuwa anausafisha mkanda, akapewa la manjano. Halafu Mama akaniwekea mkononi kufuli la kijani na ufunguo wake.

"Hata huyu mtoto?" Bwana Murungi aliuliza huku akicheka.

"Hata huyu. Kila aliye karibu na mashine hii ana kufuli lake na ufunguo wake, na ufunguo ni mmoja tu. Kufuli moja likibaki, umeme hauwaki. Na hakuna anayefungua la mwenzake."

Nilitia kufuli langu, likalia ta! Ufunguo nikauweka mfuko wa sketi. Mama akanionyesha mstari wa manjano uliopakwa sakafuni mbele ya paneli, akaniambia nisiuvuke hata kwa kidole cha mguu.

Kisha akaanza. Kwanza alijaribu mita yake kwenye soketi ya ukutani iliyokuwa na umeme, aone kama inasema kweli. Akapima ndani ya paneli, ikasoma sufuri. Akairudisha tena kwenye soketi.

"Mbona unarudi, Mama?"

"Mita inaweza kufa katikati ya kazi, Kajuju. Ikifa, itaniambia umeme haupo, kumbe upo. Na mimi ndiye nitakayepigwa nao."

Aliitoa kaunta iliyokufa, akaiweka juu ya meza iliyokuwa karibu nami. Aliijaribu ile mpya, tundu la mlangoni likawa dogo kidogo, basi akairudisha kwenye boksi lake dirishani, akalipanua tundu kwa tupa polepole, akiwa ametandika kitambaa ndani ili unga wa chuma usiangukie waya. Waya za kihisi alizipitisha upande wake peke yake, mbali na nyaya nene za mota, maana zikilala pamoja kaunta huweza kuhesabu pakiti ambazo hazijapita. Kila skrubu alipoikaza, aliuvuta waya kidogo kuona kama umeshika. Bwana Murungi mwenyewe alisahau saa yake kwa muda.

Basi, hapo ndipo nilipoharibu.

Nelius aliniletea kikombe cha maziwa lala, mazito na baridi. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti tupu, nimekishika kwa mikono miwili, Mama aliponiita bila kugeuka.

"Kajuju! Kaunta mpya iko kwenye boksi pale dirishani. Soma lebo ya ubavuni. Inataka volti ngapi?"

Dirisha lilikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Sita tu, nimezihesabu baadaye mara nyingi. Lakini ile kaunta ya zamani ilikuwa hapo mezani mbele ya pua yangu, na lebo yake ilinitazama: 240. Nikajiambia, kwani si kaunta ni kaunta?

"Mia mbili arobaini, Mama!"

"Umeisoma mwenyewe?"

"Ndiyo."

Haya. Neno moja, na maziwa kinywani. Mama aliamini, akaichukua kaunta mpya dirishani, akaifunga mlangoni, akaunganisha waya zake kwenye volti mia mbili arobaini.

Ilipokaribia saa nane kazi ilikuwa imekwisha, na ilipendeza, haki! Waya zote zilikuwa zimelala kwa mstari, kila mmoja na namba yake, vifuniko vimerudishwa. Mimi nilikwenda dirishani kuokota lile boksi tupu, nikiwa nimepanga kulifanya la kuwekea penseli. Nikaligeuza. Ubavuni palikuwa na karatasi nyeupe, na juu yake: 24.

Nilisoma tena. Labda sufuri ilikuwa imefutika? Haikuwa imefutika. Ishirini na nne, na baada yake hakuna kitu. Ile kaunta ilikuwa imeunganishwa na umeme mara kumi ya huo; ukiwashwa, ingelipuka.

"Makufuli, jamani!" Mama aliita.

Bwana Murungi alifungua la samawati. Nelius akafungua la manjano, akicheka kwa furaha. Mama akafungua lake jekundu. Kwenye swichi kuu likabaki la kijani.

"Bado lako, Kajuju."

Nilitembea mpaka pale. Niliutoa ufunguo, nikautia kwenye kufuli, na mkono ukakataa kugeuka. Nilimwona Bwana Murungi amesimama mbele kabisa ya mlango wa paneli, uso wake karibu na kaunta, akingoja tarakimu nyekundu ziwake. Nilimwona Nelius. Nilifikiria niseme ufunguo umekwama. Nilifikiria pia kwamba pengine boksi ndilo lililokosea. Mtu akiogopa hupata sababu nyingi sana.

"Kuna nini tena?" Bwana Murungi aliuliza. "Saa nane hii! Nelius, kalete msumeno, tulikate hilo kufuli."

"Hapana," Mama alisema. Hakupaza sauti, lakini Nelius aliganda alipokuwa. "Kufuli la mtu halikatwi, Bwana Murungi. Hata likiwa la mtoto. Asipofungua, ana sababu yake, na tutaingoja."

Kisha akachuchumaa mbele yangu. "Sema, mwanangu."

Mama yangu alikuwa ananitetea mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimemdanganya. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

"Mama, sikuisoma. Nilisoma ile ya zamani. Sikutaka kuacha maziwa. Mpya ni ishirini na nne."

Bwana Murungi alirudi nyuma hatua tatu, mbali na mlango wa paneli, akajipangusa uso kana kwamba moshi ulikuwa umekwisha kumfikia. Mama alilichukua boksi, akalisoma. Nilingoja anikaripie. Badala yake aliokota kufuli lake jekundu na kulirudisha kwenye swichi kuu. Ta! Bila kuambiwa, Nelius akarudisha la manjano, na Bwana Murungi la samawati.

Mama akaanza upya, tangu mwanzo kabisa. Mita kwenye soketi, mita ndani ya paneli, mita kwenye soketi. Hakuna aliyekuwa ameuwasha umeme, sote tulijua, na bado alipima. Akazifungua waya, akaitoa kaunta mlangoni, akaja nayo mpaka kwenye mstari wa manjano na kuiweka kwenye kiganja changu.

"Soma. Kwa sauti, na kidole juu ya kila herufi."

"Volti ishirini na nne," nilisoma. "Waya wa chanya, namba moja. Waya wa hasi, namba mbili."

Mama akasoma baada yangu, neno kwa neno. Ndani ya paneli kulikuwa na kifaa kinachopunguza umeme kuwa volti ishirini na nne kwa ajili ya kihisi, na humo ndimo alimounganisha kaunta. Kisha tukayafungua makufuli tena. Safari hii mkono wangu uligeuka vizuri.

Swichi ikapanda. Tarakimu nyekundu zikawaka: 0. Mama hakufurahi bado. Aliwasha mota, akazima, akawasha tena, kuona kama kaunta itaruka yenyewe. Haikuruka. Ndipo Nelius akaachilia pakiti mia moja kwenye mkanda, naye akahesabu kwa mdomo kwa mara ya mwisho, "tisini na nane, tisini na tisa, mia!" Sote tukatazama mlangoni. Kaunta ilisema 100. Nelius alishika koo lake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwenzangu," alimwambia Mama, "leo usiku nitaota kimya kimya, bila kuhesabu."

Mama aliifunga kwa kifuniko kile kitufe cha kurudisha hesabu kwenye sufuri, ili mtu asikibonyeze kwa kiwiko, kisha akakusanya vifaa. Bwana Murungi alinijia. Nilidhani sasa ndipo ninapopata yangu.

"Kajuju, mimi ndiye niliyetaka kufuli lako likatwe, kwa sababu ya dakika chache," alisema. "Pale niliposimama, kaunta ingenilipukia usoni. Nimekosea, na nimejifunza."

Tukiwa tunarudi Kaaga, mimi nikibeba boksi tupu, nilimwomba Mama msamaha mara ya nne. Akasimama kando ya barabara.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Niliamini karatasi ya oda, iliyosema mpya ni sawa na ya zamani, na sauti yako, nikaacha kukisoma kifaa. Tundu lilipokataa kutoshea nilipaswa kujiuliza ni kwa nini. Jumatatu nitamweleza Mithika hivyo hivyo." Kisha akaniinua kidevu. "Wewe ulisema uongo, na uongo wa namna ile unaunguza watu. Usiurudie, hata kwa hatua sita. Lakini ukweli ulioutoa ukiwa na ufunguo mkononi, watu wote wakikutazama, kuna mafundi wazima ambao hawauwezi. Fundi anayeniambia 'sijaangalia' nitafanya kazi naye mpaka nizeeke."

Nilimrudishia kufuli la kijani. Aliligeuza mkononi, akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni, na kwenye ubavu wake akaandika polepole: KAJUJU.

"Lifute vizuri Jumamosi ijayo," alisema, akanirudishia pamoja na ufunguo.