Maiti wa Chuma

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la Hasan, Malindi ya Unguja. Kitanda cha kamba, dirisha moja, kinu, na jeneza lililoegemezwa ukutani. Borafya ndiye aliyekwenda kuliazima msikitini jana, akalia mbele ya mwadhini mpaka mwadhini naye akalia.

Mkadam alisimama. Wengine walikaa mkekani.

"Mara tatu mmetoka kuiba, mara tatu mmerudi mikono mitupu. Nani kasinzia Shangani?"

Ame aliinua mkono. Mtu mkubwa, mabega yake yanajaza mlango.

"Nani kavunja ufunguo ndani ya kufuli?"

"Mimi," alisema Mmanga. "Lakini mimi mwashi. Nilisema sijui kufuli."

"Ulisema. Nani hakukusikia?"

Macho yote yalikwenda kwa Borafya. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao mpaka Mkadam alipotoka jela.

"Nitaje tu," alisema Borafya. "Unaogopa nini?"

"Ame akikaa analala, mpe mzigo uone kama atachoka. Wewe ukamweka mlinzi. Mmanga anajua kuta, ukampa funguo. Bi Kidawa ana macho kuliko nyinyi nyote, ukamfanya mpika chai. Kundi hili si bovu. Lilipangwa na mtu anayependa kusikia sauti yake."

Kidawa alicheka puani. Borafya hakucheka.

Mkadam aliupiga ukuta kofi. Ghala lilikuwa upande wa pili. Hasan akifunga kwenda kusali, Mmanga atatoboa. Kidawa atatwanga, sauti ya mchi ifunike sauti ya patasi. Kasha la chuma la Hasan, lenye dhahabu yake yote, litaingia jenezani lilivyo. Watalibeba wanaume wanne mpaka Darajani, kwenye gari la ng'ombe la Ame. Kutoka hapo, Chukwani, nje ya mji.

"Watu watakuwa bado msikitini," alisema. "Njia tupu. Na hata tukikutana na polisi, nani atasimamisha jeneza?"

"Dhambi hii," Ame alinong'ona.

"Kwani zile nyingine zilikuwa thawabu?" alisema Kidawa.

"Na mimi?" aliuliza Borafya.

"Bega la nyuma. Na mdomo uufunge."

Wanaume walipotoka kunawa, Kidawa alibaki.

"Mkadam. Unataka kasha, au unamtaka Hasan?"

"Tuliiba pamoja. Akanitaja kwa polisi, akabaki na mali, leo anaitwa tajiri. Mimi nimevunja mawe miaka minne."

"Hayo nnayajua. Nimekuuliza unataka nini."

"Nataka alie. Na amjue aliyemliza."

Kidawa aliuchukua mchi. "Basi hapo ndipo utakapotuponza."

Saa sita na nusu.

Kufuli la ghala lililia. Viatu vya Hasan vilipita chini ya dirisha, vikaenda zake. Kidawa alianza kutwanga.

Mmanga hakupiga ovyo. Alipapasa ukuta kama mganga anayepapasa tumbo, akatafuta chokaa iliyooza, akachokoa. Mawe yalitoka moja moja. Ame aliyapokea bila kishindo.

Halafu patasi ikagonga mti. Boriti nzima, katikati ya ukuta.

Zamani hapo ndipo wangekimbia. Borafya alitazama mlango. Lakini Mmanga alisema tu, "Nizungukie chini. Nipeni muda." Kidawa akaongeza kasi ya mchi, jasho likimtiririka. Hakuna aliyegomba.

Muda huo ndio waliokuja kuulipia. Walipolifunika kasha kwa kitambaa cha kijani na kulitoa jeneza mlangoni, msikiti ulikuwa unamwaga watu.

Uchochoro ulijaa kanzu nyeupe. Mtu wa kwanza alijipenyeza chini ya jeneza, akamsukuma Mkadam kwa upole. Wa pili akachukua nafasi ya Ame. Mkadam alikuwa amefikiria macho ya watu. Mabega yao hakuyafikiria. Jeneza halipiti Ijumaa mbele ya waumini likakosa wa kulipokea. Kabla hawajafika kona, wote wanne walikuwa nyuma, mikono mitupu, na kasha linarushwa bega kwa bega.

"Mzito huyu!"

"Mtu wa halua huyo."

"Huna adabu wewe. Mbele ya maiti?"

Mzee mmoja akauliza, "Kishasaliwa? Mrudisheni msikitini, tumsalie."

Jeneza likaanza kugeuka. Mkadam alijipenyeza mbele, migongo ikamzuia.

"Wosia!" Borafya alipiga magoti njiani, akapiga ukelele uliotoa watu madirishani. "Ndugu yangu kausia! Asaliwe Chukwani, kwa wazee wake! Msimvunjie wosia, waungwana!"

"Gari liko Darajani!" Mmanga akadakia. Ame keshafika mbele, kashika mguu wa jeneza, kaligeuza kama mtu anayegeuza jahazi la watoto.

Hakuna aliyengoja amri. Sauti aliyoifunga Mkadam ndiyo iliyowaokoa. Aliwatazama, akajua kundi limepona.

Saa saba na nusu, Darajani.

Wa mwisho kulitia bega alikuwa Hasan mwenyewe. Alilisukuma jeneza juu ya gari, akapangusa kipaji cha uso, akampa mkono Mkadam bila kumtambua kwa ndevu alizofuga jela.

"Poleni. Mungu amrehemu."

Ilibaki kuitikia tu. Mkadam aliukamata mkono ule, hakuuachia.

"Hasan. Hunijui?"

Hasan alitazama. Akajaribu kuuvuta mkono wake.

"Nenda kautazame ukuta wa ghala lako," alisema Mkadam.

"Mwizi!" Hasan alimkaba kanzu. "Mwizi huyu! Kaniibia!"

Watu waligeuka. Mzee yule yule akawauliza waliokuwa garini, "Huyu wenu?"

Machozi yalikuwa bado mashavuni mwa Borafya. Alimtazama Mkadam kwa utulivu.

"Simjui. Kajipenyeza mazikoni. Wezi wa siku hizi hata maiti hawamstahi!"

Ame alivuta kamba kumzuia ng'ombe asiondoke. Mmanga akamshika mkono. "Twende, Ame," alisema polepole. Gari likaondoka.

Ngumi ya kwanza ilimvunja Mkadam jino. Baadaye hakuzihesabu. Alianguka kifudifudi, na Hasan akamkanyaga mgongo.

"Mali yangu iko wapi?"

Kidole kimoja kingetosha. Angekinyoosha tu kwenye gari, Borafya angelala vumbini kando yake. Na Hasan angerudishiwa kasha lake.

"Iko wapi?"

"Itafute."

Kule mbele wanaume walisimama kando ya njia, wakaliachia njia gari la jeneza. Mkadam alihisi macho yake yanalifuata. Akageuza uso, akaulaza upande wa pili, asije Hasan akaona anakotazama.