Bakuli Alilolikomba Mama Mkwe

Marehemu alikuwa amelala ubavu kitandani, beseni la matapishi chini ya kidevu chake. Sebuleni, mezani, palikuwa na mabakuli matatu ya mchuzi wa mumunye. La marehemu, mama wa nyumba ile, lilikuwa tupu, limekombwa. Mawili yalikuwa yamejaa.

Inspekta alimgeukia mkwe wa marehemu, mwanamke aliyesimama mlangoni.

"Nani alipika?"

"Mimi."

"Mbona wewe hukula?"

"Ulikuwa mchungu, afande."

"Ukamwachia mama mkwe wako?"

"Nilimwambia aache. Akasema mtamu."

Sajini aliguna. Majirani waliojazana dirishani waliguna zaidi, maana kila mtaa una mahakimu wake wasiolipwa. Mume wa mwanamke huyo, mwana wa marehemu na mtaalamu wa mbegu katika kituo cha utafiti wa kilimo, alikuwa ameinamia sakafu. Inspekta alimwuliza kama mkewe na mama yake walikuwa wakielewana.

"Mambo ya wanawake hayo, afande. Mimi sijui."

Jibu hilo la nusunusu ndilo lililomtia mkewe pingu.

Kituoni Inspekta alimhoji kwa ukali. Alimwita mnafiki, akamwita muuaji. Mwanamke alilia mpaka sauti ikamkauka, wala hakubadili neno.

Kisha mkemia wa maabara akapiga simu.

"Hamna dawa ya panya wala ya wadudu. Sumu imetoka kwenye mumunye lenyewe."

"Mumunye? Si tumelila tangu utotoni!"

"Mmekula lililopoozwa uchungu. Mumunye na kibuyu ni ukoo mmoja. Kibuyu cha porini hakina miguu ya kukimbia, kinajilinda kwa uchungu. Mnyama akikionja harudii. Wakulima wa kale walichagua miche ambayo jeni yake ya uchungu imelala, wakapanda hiyo tu, kizazi hata kizazi. Lakini nyuki akileta chavua ya kibuyu kichungu kwenye ua la mumunye, mbegu zitakazotoka humo zinarudia ya mababu. Mzazi mmoja anatosha. Kwa macho huoni tofauti. Ulimi ndio unaojua."

Inspekta alirudi kwenye nyumba ile mbio. Nyuma ya jiko, bustani ilikuwa imelimwa upya, hata shina moja halikusalia. Juu ya ua wa bustani vilining'inia vibuyu vya pambo. Sajini alipekua majani yake.

"Hili limesahaulika, afande."

Lilikuwa mumunye changa, la kijani, zuri la kutamanisha. Inspekta alilivunja, akaligusa kwa ncha ya ulimi. Alitema, akasukutua mpaka chupa ya maji ikaisha, na uchungu ukabaki palepale. Hakuna mtu ambaye angemaliza bakuli la kitu kile kwa bahati mbaya. Basi mama alilimaliza kwa nini?

Mume aliletwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Nani aliing'oa ile bustani?"

"Ilikuwa na magugu."

"Magugu yanayozaa mamumunye?"

Mume aligeuza macho mlangoni.

"Ulionja ule mchuzi?"

"Kijiko kimoja."

"Ukajua?"

"Nilijua kabla sijameza." Uso ulimsawijika. "Mbegu za mamumunye yale nimezizalisha mimi, msimu uliopita, kwenye bustani ileile. Vibuyu vichungu nilivipanda mimi kando, kisha nikaona uvivu kufunika maua ya mumunye nyuki wasiyafikie. Mke wangu aliposema mchuzi mchungu, nikamwambia mbele ya mama kwamba hajui kupika. Nikasema mumunye la mtaalamu haliwezi kuwa chungu."

"Na mama?"

"Aliona mke wangu anataka kulia. Akavuta bakuli. Akasema, 'Mtamu, mwanangu, usimsikilize huyu.' Akala mpaka akakomba."

"Ukamtazama tu?"

"Nilidhani ataumwa tumbo, basi. Mbegu nimeshazitangaza kwa wakulima, afande. Ningechekwa."

"Na mkeo alipotiwa pingu?"

Alifunika uso kwa viganja. "Niliona aibu kusema."

"Aibu gani hiyo iliyovaa miwani ya mbao!" alifoka Inspekta. Papo hapo alikumbuka maneno aliyomtupia yule mwanamke, akashusha sauti. Alimwagiza Sajini azuie mbegu zote kwenye kituo cha utafiti, na mtaalamu akaandika maelezo yake, akatia saini.

Inspekta alikwenda mwenyewe kufungua mahabusu. Angeweza kumtuma askari, na moyo wake ulitamani hivyo.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nilikukosea." Kisha akamweleza yote, mpaka kijiko cha mumewe.

Mwanamke alisikiliza bila kuinua macho.

"Kumbe mama alijua ni mchungu?"

"Alijua. Alikula ili kukusitiri."

"Ningeweza kumnyang'anya bakuli. Nikaona ni utovu wa adabu kumnyang'anya mkwe chakula." Sauti yake ilikuwa ndogo hata Inspekta akalazimika kuinama. "Halafu, afande, sikuwahi kusifiwa chakula katika nyumba ile. Nilionja, nilijua ni mchungu. Lakini alivyokuwa anakula vile, mimi nilifurahi."