Glasi ya Genaro

Kompyuta haina mapafu, hilo hata mimi niliyeishia darasa la nne nalijua. Lakini ile ya Wilkin, mtoto wa jirani yangu Nereida hapa Barahona, ilikohoa. Kikohozi kizito cha mvuta sigara, kina makohozi ndani yake, halafu kimya.

Nereida alikuwa jikoni anamenya ndizi mbichi. Kisu kikasimama.

"Wilkin, ni wewe?"

"Ni pampu, Mama. Kuna hewa imebaki kwenye mipira ya maji."

Akaendelea kumenya. Kikohozi kile alilala nacho kitanda kimoja maisha yake yote ya ndoa, na mwenye nacho walikuwa wamemzika juzijuzi tu.

Ngoja niwape umbea wenyewe. Genaro, mumewe, alikuwa mchinja nguruwe, na nyumbani hakubadilisha kazi. Alipiga kwa mkanda, mkono wa kushoto. Meno ya mbele ya Nereida yaliishia kwenye sakafu ile. Alipouawa kwa kisu kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo, mjane alilia kwa adabu tu, kama mtu anayelipia nauli. Lakini sala za siku tisa hakuruka hata moja. Si mapenzi hayo! Alitaka aende. Chini ya meza ya mishumaa akaweka glasi ya maji, marehemu anywe akipita, na siku ya tisa maji yale humwagwa barabarani, mlango ukafungwa, naye akaondoka nayo. Usipoyamwaga, umemtandikia kitanda.

Kijana naye alikuwa na msiba wake. Kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, ndiyo aliyotumia kuhariri video za harusi, na kwa joto letu hili ilikuwa inazimika bibi harusi akiwa hajafika hata altareni. Akataka kuipoza kwa maji. Wakabishana, mama na mwana, mpaka sisi wa nyuma ya ukuta tukawa na upande.

"Ongeza feni," Nereida akasema. "Maji na umeme vina undugu gani?"

"Feni inapuliza joto lilelile, Mama. Mbona gari lina rejeta na hulikimbii?"

"Gari halilali ndani ya nyumba yangu."

"Maji yanazunguka tu ndani ya mipira. Hayatoki popote."

"Haya, bwana fundi. Likikulipukia usiniite."

Wilkin akaamua maji. Akafunga pampu, rejeta ndogo na mipira, akajaza maji safi ya dukani. Yakapungua kidogo. Bomba la mtaa lilikuwa kavu, na maji ya pipa yana viluwiluwi, yangeziba njia. Jicho likatua chini ya meza ya mishumaa. Glasi imejaa, safi kama machozi. Akaimimina yote ndani ya mashine, akaijaza glasi kwa maji ya pipa, akairudisha mahali pake. Siku ya tisa mama yake akamwaga viluwiluwi barabarani, akafunga mlango, akacheka peke yake.

Na Genaro akabaki anazunguka, anazunguka, anatafuta pa kutokea.

Baada ya kikohozi ikaja harufu, sigara na damu ya nguruwe, ikipulizwa na feni za mashine mpaka kwetu. Kisha mchana mmoja, watu wamejilaza, umeme ukakatika mtaa mzima, redio zikanyamaza, na kompyuta ya Wilkin haikuzimika. Nereida akasikia humo ndani sauti anayoijua kuliko jina lake: mkanda ukichomolewa kiunoni. Shwaa.

"Mama, usiingie," Wilkin akanong'ona.

Lakini mama gani husikia hivyo akabaki jikoni? Aliingia na ufagio mkononi, na mpira mmoja ukachomoka kwenye mashine kama nyoka aliyekanyagwa, ukampiga usoni hata shavu likapasuka, ukarudi ukampiga tena, ukamzunguka shingo na kumvuta chini na kumgonga kichwa kwenye pembe ya meza, mara hii, na mara hii, na mara hii, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha kompyuta, na Wilkin akivuta mpira unamkata viganja, akitafuta kisu hakioni, mama yake macho yamegeuka meupe na ulimi uko nje, hadi kijana akainama akauuma ule mpira kwa meno kama mbwa, akauuma mpaka ukakatika na maji yakamrukia mdomoni.

Ukalegea. Nereida akavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu.

Nilimleta Bi Seferina, anayezungumza na wafu, mimi mwenyewe, kandambili mkononi. Alinusa chumba, akamtazama kijana.

"Maji haya umeyatoa wapi, we mtoto?"

Wilkin akaungama habari ya glasi.

"Mpumbavu! Maji ya maiti hupewa njia, hayafungiwi." Akayakausha yote, ya sakafuni na ya ndani ya mashine, kwa kitambaa cheupe, akakikamua kwenye ndoo, akaimwaga barabarani bila kugeuka nyuma. Kisha akauliza, "Kuna tone lililobaki?"

"Hakuna," Wilkin akasema, akijifuta mdomo.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza, Nereida alipika anaimba, bandeji kichwani. Akamwekea mwanawe wali na maharage. Mimi nilikuwa ukutani kwangu, nachambua dengu, sikuwa namsikiliza mtu.

Wilkin akakohoa. Kikohozi kizito.

"Kunywa maji, baba," mama yake akasema. Halafu, polepole, "Mbona kijiko umekishika kushoto?"

"Wali hauna chumvi, mwanamke."

Wimbo ukakatika. Sahani ikaanguka.

Shwaa.