Mvua ya Lubumbashi

"Chérie, huku Lubumbashi mvua iko nanyesha mubaya, ndege haziruke. Ngoja mwezi wa kwanza, ni kiangazi. Nitakuya na mbuzi za mahari kwa papa yako."

Jemima aliirudia audio ya mchumba wake Sadrack huku akitabasamu kwenye cherehani yake pale mtaani Mususa. Ilikuwa Septemba, mvua ikipiga mabati ya Butembo. Wanaume wengine alishawafukuza, na baba yake alishajenga zizi la hao mbuzi.

Rafiki yake wa kwaya, Solange, aliyerudi kutoka Lubumbashi juzi tu, akaisikia, akauliza:

— Huyo mutu iko wapi?

— Lubumbashi.

— Jemima, kule mwezi wa tisa ni vumbi tupu. Mi nimetoka kule, sikuona hata tone. Mvua ya kule ndo ya mwezi wa kwanza.

— Donc? Unataka kusema nini?

— Donc iko nakudanganya na mvua ya kwetu. Weka tena, tusikilize.

Kwenye audio, nyuma ya sauti ya mvua, mtu alikuwa akiita abiria: "Oicha, Oicha, mutu moja." Wito huo husikika Beni, kwenye magari ya Oicha.

Kesho yake Jemima alishuka Beni, jua likiwaka. Sadrack alikuwa kwenye kibanda cha nyama kando ya magari ya Oicha, amevaa pulover nyekundu aliyofumiwa na Jemima kwa ajili ya baridi ya Lubumbashi. Msichana mmoja alikuwa akimlisha kwa vidole, mafuta yakimtiririka kidevuni. Kumbe hicho ndicho kidevu Jemima alichokuwa akikiombea kila siku!

Akasimama ng'ambo ya barabara, akamwandikia kwenye simu:

"Mvua iko aje leo?"

Sadrack alilamba vidole, akajibu:

"Inapiga tu chérie. Hata kutoka inje ni shida."

Jemima akavuka.

— Ungeniambia nikuletee mwavuli.

Mfupa wa nyama ulimponyoka Sadrack mkononi.

— Jemima... nimefika asubuhi hii tu...

— Na ile mvua uliyoandika sasa hivi?

Msichana akageuka.

— We ni nani?

— Mchumba wake wa Butembo. Na we?

— Ornella. Lakini wakati wa Pasaka aliniambia iko Butembo kwa kazi, mvua imekata barabara.

— Pasaka alikuwa kwetu, anakula kuku ya mama yangu.

Ornella aliangalia vidole vyake, akavipangusa polepole kwenye ile pulover, kama mtu aliyeshika uchafu. Kisha akaondoka bila kuaga.

— Chérie, tuongee kidogo.

— Ngoja mwezi wa kwanza, Sadrack. Ni kiangazi.

Alimpa mgongo, akampigia baba yake.

— Papa, ile nyumba ya mbuzi, tia kuku ndani.

— Mvua imemuzuia tena?

— Hapana, papa. Huku jua inawaka.